Binti Aliyekataa Kuzoea

Wapendwa, kaeni vizuri, na ninyi mlioegemea ukuta huko nyuma sogeeni mbele. Leo sitapaza sauti. Nimekasirika, na mimi nikikasirika sauti yangu hushuka. Mke wangu ndiye shahidi.

Nina mfano mmoja. Msianze kunong'onezana ni mtoto wa ukoo gani, maana nimeutunga mwenyewe juzi nikiwa napukuchua mahindi. Mkiona unafanana na nyumba yenu, msinilaumu mimi. Laumuni nyumba.

Kulikuwa na binti mmoja wa miaka saba, katika nchi kavu, ambako maji yanachimbwa mchangani ndani ya korongo. Kazi yake asubuhi ilikuwa kwenda na punda kuleta maji. Punda anabeba madumu manne, binti anabeba fimbo na maneno mengi, maana alikuwa mtoto wa kuongea njia nzima. Siku moja ukingo wa korongo ukameguka. Punda akateleza na mzigo wake wote, akamwangukia binti pajani. Punda akainuka, akajikung'uta vumbi, akaanza kutafuna majani. Binti hakuinuka.

Walipomchukua wakaona mguu wa kulia umegeuka. Goti limeingia ndani, unyayo unautazama mwenzake, na mguu wenyewe umekuwa mfupi kuliko jana yake. Damu hakuna. Mfupa haukutokeza mahali popote. Nanyi mnatujua sisi watu: pasipo na damu hatuna haraka.

Hospitali ilikuwa mbali, safari ya nusu siku kwa gari, na gari lenyewe lilipita mara mbili kwa wiki. Lakini ng'ambo ya korongo alikuwapo mzee mmoja wa kuunga mifupa. Wakampeleka huko juu ya kitanda cha kamba.

Tafadhali msimcheke mzee huyo. Hakuwa mwongo. Wavulana walioanguka kwenye miti amewaunga, na vijana wa pikipiki pia, na wengine wao leo wanalima. Alikuwa na utaratibu aliourithi kwa baba yake. Mgonjwa anakuja na kuku wake kutoka nyumbani. Mzee anamfunga mgonjwa vijiti na dawa, kisha anamvunja kuku mguu na kumfunga vijiti vile vile na dawa ile ile. Halafu watu wote wanamwangalia kuku. Siku kuku atakapokanyaga sawasawa, mgonjwa naye atafunguliwa, maana amepona. Baadhi yenu mnatikisa vichwa. Wengine mnatazama chini, kwa sababu mnajua ninachokisema.

Basi tetea mmoja mwekundu akavunjwa mguu. Binti akafungwa, akasuguliwa kwa mafuta ya moto, akavutwa, akasuguliwa tena. Alilia hadi sauti ikamkauka. Kila asubuhi mama yake anamwambia, "Mwanangu, mwangalie kuku." Na mtoto anamwangalia kuku.

Siku ya ishirini na sita, tetea akavuka uwanja kwa miguu yake miwili, akamdonoa jogoo. Vigelegele vikapigwa! Mzee akaja, akakata kamba, akatupa vijiti, akamwambia binti, "Haya mjukuu wangu, simama."

Akasimama kwa mguu wa kushoto. Ule wa kulia haukufika chini.

"Babu, bado," akasema.

"Bado nini? Kuku ametembea."

"Mimi bado, babu."

"Unadeka. Mguu umepona, woga ndio haujapona. Mfanyeni atembee."

Na yule kuku akachinjwa jioni ile ile kwa furaha, akaliwa na ugali. Hata shahidi hakuachwa hai.

Sasa sikieni kosa lilipokuwa. Mguu wa kuku ulivunjika. Mguu wa binti haukuvunjika. Ulichomoka. Kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kimetoka mahali pake nyongani. Mfupa uliovunjika ukiufunga na kuutuliza, unajiunga. Mfupa uliochomoka ukiufunga na kuutuliza, unatulia huko huko ulikopotelea. Kwa hiyo kuku alipona kweli kweli! Alikuwa na ugonjwa wake na akapata dawa yake. Mtoto alipewa dawa ya kuku.

Ni mara ngapi tumeponya kuku na kumwambia mtoto atembee? Nitawaachia hilo mlitafune mkifika nyumbani.

Basi binti akaanza kutembea kwa namna yake. Anatupa nyonga, anainama, anajiinua, kama anayevuka mfereji kila hatua. Na watu wakawa wema sana. Hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu wema huu ndio ulionikasirisha.

Baba mkubwa wake, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, akamchongea fimbo. Fimbo nzuri ya mpingo, imepigwa msasa. Alipokua kidogo, akachongewa nyingine ndefu zaidi. Mwalimu mkuu akatoa ruhusa asisimame mstarini asubuhi. Kwaya ya watoto ikamwekea kiti mbele ili wenzake wanaposimama kuimba yeye akae. Majirani wakaacha kumtuma. Yule punda akapewa mdogo wake. Na mtoto aliyekuwa anaongea njia nzima akawa mtoto wa kukaa kimya na kutabasamu, na watu wakampa jina: Mvumilivu. Mchungaji alimtaja mimbarani mara mbili, kwa mfano mwema. "Mtazameni mtoto yule," akasema, "hanung'uniki." Na wote wakageuka kumtazama, wakaguna kwa upendo.

Miaka miwili, ndugu zangu! Miaka miwili kila mtu alimsaidia kuzoea. Sikumbuki mtu mmoja katika mfano wangu aliyemsaidia kupona, na mfano ni wangu, ningemkumbuka.

Na mama je? Mama alikuwa na kitoto mgongoni, mume yuko machimboni mwezi wa tano harudi, na kila alipofungua mdomo kuhusu mguu ule, shemeji yake, yule baba mkubwa, alimwambia, "Shemeji, mtoto amekwisha zoea. Usimtoneshe." Ukiambiwa neno moja na watu wengi wanaokupenda, mwisho unalisema mwenyewe. Naye akaanza kulisema.

Siku moja mama akaenda kliniki kupima kitoto uzito, akamchukua na binti amshikie kanga na kadi. Walipokuwa kwenye foleni, muuguzi akatoka nje kumwaga maji, akamwona binti anavuka uwanja. Akasimama na ndoo yake mkononi.

"Mama, huyu alizaliwa hivi?"

"Hapana, dada. Punda alimwangukia. Ni zamani."

"Zamani lini?"

"Mwaka wa pili huu. Lakini haina shida, ameshazoea."

Na hapo mtoto wa miaka tisa, Mvumilivu, kipenzi cha kanisa, akainua uso na kusema neno moja:

"Sijazoea."

Mama akageuka. "Unasemaje?"

"Sijazoea, mama. Naumwa. Naumwa usiku na nikikaa, na nikiimba pia naumwa. Mnasema nyie. Mimi sijazoea."

Mama alitamani ardhi ipasuke. Mtoto amemkosea adabu mbele za watu, sivyo? Hivyo ndivyo tungesema sisi. Tungemfinya, tungemwambia, "Nyamaza, unaniaibisha." Lakini mama huyu alimtazama binti yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya korongo akaona kwamba mtoto yule hakuwahi kutabasamu. Alikuwa ameuma meno tu. Mama akalia pale pale kwenye foleni, kitoto mgongoni. Muuguzi akaweka ndoo chini, akaandika barua ya rufaa.

Wakapanda gari. Nusu siku ya barabara mbovu, ile safari iliyowashinda miaka miwili. Iliwachukua nusu siku ile ile. Haikuwa imerefuka.

Daktari wa mifupa akapiga picha, akaiweka kwenye mwanga, akamwita mama asogee. Alikuwa mtu wa maneno machache, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mama, unaona shimo hili la mviringo? Hiki ndicho kikombe cha nyonga. Kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kukaa humu ndani. Sasa kitafute kilipo."

Mama akatafuta. Kilikuwa juu, nje kabisa, kimejiegemeza kwenye ubavu wa nyonga.

"Kimepanda huko," daktari akasema, "na mahali kilipoegemea kimeanza kujichimbia kikalio. Mwili wa mtoto ni hodari, mama. Ukiuacha nje ya mahali pake, unajitengenezea mahali pengine."

"Basi si ni kukivuta tu kirudi?"

"Mngemleta siku ile ile, ningemlaza kwa dawa ya usingizi, nikavuta, kikaingia. Hata kisu nisingeshika. Leo kikombe hakiko tupu. Kimejaa nyama ngumu ya kovu, na misuli ya paja imefupika. Inabidi kwanza tuuvute mguu kwa uzito siku nyingi, polepole, ushuke. Kisha nifungue, nisafishe kikombe chote, ndipo nirudishe mfupa kwake."

"Na atatembea?"

Wapendwa, ninampenda daktari huyu kwa jibu alilotoa, maana hakudanganya. Alisema, "Siwezi kukuahidi. Mfupa uliokaa nje muda mrefu, njia zake za damu zinakuwa na mashaka. Unaweza kuurudisha ukasinyaa baadaye. Ninachojua kwa hakika ni kitakachotokea nikiuacha. Mguu utazidi kuwa mfupi, maumivu yatazidi, na kila mwezi unaopita kazi hii inakuwa ngumu zaidi."

Habari zikafika nyumbani. Siku ya pili baba mkubwa akafika wodini na wazee wawili, wamevaa makoti. Wakasalimia, wakapewa viti. Binti akawaamkia, "Shikamooni," nao wakaitikia vizuri. Kisha baba mkubwa akaanza.

"Shemeji, tumesikia mnataka kumpasua mtoto."

"Ndiyo, shemeji."

"Mtoto anayetembea? Anakwenda shule, anaimba kwaya. Hata daktari hajakuahidi, nimemuuliza. Akifia kwenye kisu, ndugu yangu akirudi machimboni nitamwambia nini? Mungu amemjalia huyu mtoto moyo wa uvumilivu. Mwacheni na karama yake."

Mnaonaje, hakusema vizuri? Alisema kama mzee. Hakuna neno baya hata moja humo, na woga wake ulikuwa wa kweli. Mimi ningekuwa pale ningeitikia, na hilo linanitia aibu kuliko mengine yote.

Mama akainuka. Akachukua fimbo ya binti iliyokuwa imeegemezwa kitandani, ile ya mpingo, akampa shemeji yake kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Shemeji, nakuomba kitu kimoja. Chukua fimbo hii, uinamie kama anavyoinamia yeye, ukunje mguu mmoja usifike chini. Choo kiko mwisho wa wodi. Nenda ukarudi. Ukirudi, uniambie habari za karama."

Mzee akacheka. Akatazama wodi, ilikuwa ndefu, na wagonjwa wote walikuwa wanamtazama. Akaiweka fimbo kitandani.

"Huko ni kunidharau, shemeji."

"Hapana. Hatua arobaini tu. Yeye amekwenda nazo miaka miwili na hakusema tunamdharau."

Mama akaomba karatasi ya ridhaa, akaandika jina lake, herufi moja moja, maana shule aliiacha darasa la tatu.

Wakaufunga mguu kwa kamba zilizopita juu ya gurudumu, na vyuma vya uzito vikaning'inia mwisho wa kitanda. Siku kumi na sita. Misuli iliyojikunja miaka miwili haipendi kuambiwa inyooke. Binti alilia, na safari hii hakuna aliyemwambia anyamaze. Siku moja muuguzi wa zamu akamhurumia, akamuuliza, "Nikupunguzie kidogo, mwanangu?"

"Daktari kasemaje?"

"Kasema uzito uwe huu."

"Basi uache. Nipe leso tu nijifute."

Kisha siku ikafika, wakampa dawa ya usingizi, wakamfungua. Baadaye daktari alimweleza mama kwamba kurudisha mfupa hakukumchukua muda mrefu. Kilichomlia muda ni kukisafisha kikombe. Akatoa, akatoa, akafikiri amemaliza, kumbe bado kuna kipande kimeng'ang'ania chini kabisa. Kikombe kilipobaki cheupe, mfupa ukaingia. Akamfunga hogo, plasta ile ngumu, kutoka mbavuni hadi vidole vya mguu. Alilala nalo wiki sita, akiwashwa ndani ambako hakuna mkono unaofika.

Sasa hapa mngetaka niseme hogo likakatwa na binti akaruka kama swala. Sitasema, kwa sababu nimechoka na mifano ya namna hiyo. Hogo lilikatwa, na binti akasimama, na akachechemea! Mama alishika kichwa. Lakini mtaalamu wa mazoezi akamwambia, "Usiogope. Nyonga imerudi, ila mwili bado unakumbuka njia ya zamani. Tutaufundisha." Wakaufundisha miezi mitatu. Kupanda ngazi, kushuka ngazi. Kusimama kwa mguu wa kulia peke yake huku akihesabu. Siku ya kwanza alihesabu hadi mbili akaanguka. Alianguka mara nyingi, na akiinuka alikuwa na matusi madogo madogo ambayo mtaalamu alijifanya hayasikii.

Mwisho akatembea. Mguu wa kulia umebaki mfupi kwa upana wa kidole, na akichoka utaona. Daktari anataka kumwona kila baada ya miezi sita, maana bado anauchunga ule mfupa. Lakini anatembea bila fimbo, analala usiku kucha, na ameanza tena kuongea njia nzima.

Jumapili moja wakafanya ibada ya shukrani. Baba mkubwa, ambaye alikuwa amenunua soda za watu wote kwa furaha ya kweli, akasimama mbele. Akaeleza habari za korongo, za hospitali, za kisu. Akasema, "Wapendwa, leo tunamshukuru Mungu kwa sababu ya uvumilivu wa binti huyu. Miaka miwili hakunung'unika. Uvumilivu wake ndio umetufikisha hapa. Njoo, mwanangu, uwasalimu watu."

Akatoka kwenye safu ya watoto, akatembea katikati ya kanisa. Wanawake wakaanza vigelegele. Akafika mbele, akasubiri wanyamaze. Wakanyamaza.

Akasema, "Bwana asifiwe. Baba mkubwa, asante kwa soda. Lakini mimi sikuvumilia. Mwezi wa kwanza nililia kila siku, mama anajua, na nyinyi mlinisikia, maana nyumba zetu ziko karibu. Mkaja mkaniambia ninyamaze, mtoto wa kanisa halii ovyo. Nikanyamaza. Nilipokwisha kunyamaza ndipo mkaanza kunisifu. Naomba msinisifu tena kwa hilo."

Akawapungia mkono, akarudi kukaa.

Mwalimu wa kwaya akafungua kitabu cha nyimbo, akakifunga. Mchungaji akatafuta miwani yake, na ilikuwa usoni. Huo ndio mwisho wa mfano.

Mbona mmekaa kimya? Mnangoja niseme mtoto alikosa adabu? Au mnangoja niseme alikuwa malaika? Alikuwa mtoto mwenye maumivu aliyekuwa na majirani. Majirani hao ni sisi.

Ndugu zangu, sisi ni mafundi wa kuzoesha watu. Dada anarudi kwao na jicho limevimba, mume kampiga, na sisi wamama na wababa wa kanisa tunakwenda na sukari na majani ya chai na kumwambia, "Vumilia, ndoa ndivyo zilivyo." Kisha tunamsindikiza hadi mlango ule ule. Mzee anakaa siku mbili bila kupika, tunasema, "Yule kazoea, hana makuu." Mtoto hasikii darasani, tunamweka dawati la mbele na kuona tumemaliza. Tunachonga fimbo, tena fimbo nzuri! Tunaipiga msasa. Na mtu akishatulia katika mateso yake, tunamwita mfano mwema, tunageuka wote kumtazama na kuguna kwa upendo.

Msinielewe vibaya. Yako maumivu yasiyo na kisu, na yuko anayebeba la kwake hadi kaburini kwa imani, nami namvulia kofia. Lakini hilo ataliamua yeye na Mungu wake, baada ya milango yote kugongwa. Si sisi tumwamulie kwa sababu tumechoka kusikia kilio. Bwana tunayemwabudu alikutana na viwete wengi njiani, na sijasoma mahali alipomwambia mmoja wao azoee.

Na kuna jambo la kile kikombe, ambalo lazima niliseme hata mkinichukia. Mtu akitoka mahali pake, mahali pale hapakai tupu. Pale karibu na dirisha, mnapajua, palikuwa na mama mmoja akikaa kila Jumapili. Tulimsema. Mimi pia nilimsema. Akaacha kuja. Leo pale tumeweka spika ya kwaya. Tunaomba kila wiki Mungu amrudishe, tunafumba macho kabisa. Akirudi Jumapili ijayo atakaa wapi? Juu ya spika? Daktari alisema kurudisha mfupa si kazi, kazi ni kusafisha kikombe. Kuna vitu itabidi vitoke hapa. Na itauma, na tutasema ibada imeharibika.

Wengine mmezoea ninyi wenyewe. Mmetoka mahali mnapopaswa kuwa, mkajichimbia kikalio huko nje, na kwa kuwa mnatembea mnasema mmepona. Kutembea si kupona. Ukiulizwa leo, usiseme "namshukuru Mungu, tunasukuma siku." Sema ukweli. Sema, "Sijazoea." Hilo nalo ni ombi, na Mungu analisikia kuliko tabasamu la meno yaliyoumana.

Kwa kawaida tukifika hapa nawaombea Bwana awape uvumilivu. Leo sitaomba. Leo namwomba atunyang'anye. Atunyime kabisa uvumilivu wa kuvumilia maumivu ya mtu mwingine. Huo si utakatifu, wapendwa, huo ni uvivu uliovaa nguo za ibada.

Msisimame kuimba bado. Najua hapa ndani kuna anayemjua mtoto aliyeanguka mwaka jana au mwaka juzi, na mguu wake haufiki chini sawasawa, na nyumbani kwao wanasema ameshazoea. Gari la hospitali linapita Jumanne saa moja asubuhi. Mimi natoka sasa hivi nasimama mlangoni. Msinipe mkono wala msiniambie mahubiri yalikuwa mazuri. Nionyesheni njia ya kwenda kwa huyo mtoto, tuianze leo kabla jua halijawa kali.